Gari Jekundu kwenye Barabara ya Sikonge

Alhamisi, 7 Novemba

Sauti iliyonibakia leo ni ya kiganja cha mkono kwenye boneti. Makofi mawili ya taratibu, kama mtu anayempiga ng'ombe wake mgongoni. Trafiki hakupuliza filimbi. Alisubiri nipunguze mwendo kwenye tuta, akatoka kivulini, akaligonga gari: pa, pa. Nimerudi nyumbani Ipole, nimeoga, nimekula, na bado naisikia.

Mbele yetu yalikuwa magari mawili meupe, nyuma moja la kijivu. Yote yalipita. Letu ni jekundu, jekundu la kuonekana kutoka ng'ambo ya mbuga.

Baba alikuwa kando yangu, kiti kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, mguu wa kulia juu ya mto. Alianguka Oktoba akishusha mzinga kutoka mtini. Mfupa umeanza kushikana, kidonda hakijafunga. Daktari wa mifupa anaona vidonda Alhamisi asubuhi tu, mjini Tabora, kisha anaingia chumba cha upasuaji. Ukimkosa, ni mpaka wiki inayofuata. Alinitazama mimi, si baba, aliposema: "Uchafu ukiingia kwenye mfupa, tutakata." Kwa hiyo kila Alhamisi mimi ni dereva. Nina shahada ya takwimu, nasubiri ajira, na ajira kwa sasa ndiyo hii.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Leseni. Washa taa. Indiketa. Ya upande wa pili. Kanyaga breki." Sajini Sixbert, jina lake limeandikwa kifuani, alilizunguka gari bila haraka yoyote, akatokea kwenye dirisha la baba. "Mzee Kasimiri! Porini kwema?"

"Kwema, mwanangu. Nyuki wanakusalimia."

Wakacheka. Nyuma tulikuwa na ndoo za asali za kupeleka dukani kwa shangazi. "Advera," baba akaniambia, "mpe kaka yako aonje." Nikashuka, nikafungua buti, nikamjazia chupa. Usukani ulininata mikononi mpaka hospitali.


Jumamosi, 9 Novemba

Joto, hakuna mvua. Nimeosha gari. Likioshwa ndiyo linazidi kuwa jekundu.


Alhamisi, 14 Novemba

Tumesimamishwa tena, palepale, kizuizi cha mwisho kabla ya mji. Taa, wipa, pembetatu, mtungi wa kuzimia moto. Chupa.

Shangazi Theodora, dada yake baba, alikuwa dukani kwake Mtendeni anachuja asali. Hakuinua hata kichwa.

"Wamewashika?"

"Wametusimamisha tu."

"Si hivyo hivyo! Nimesema mpaka nimechoka. Pakeni nyeupe. Nyekundu inaita."

"Inaita nini, shangazi?"

"Inaita macho! Wewe ukivaa gauni jekundu ukakatiza hapo sokoni, na mwenzako kavaa la kijivu, nani atapigiwa mluzi?"

Wateja wakaangua kicheko. Mama mmoja wa Itetemia akaapa kwamba shemeji yake aliuza gari jekundu na mikosi yote ikaondoka na mnunuzi. Niliwaeleza. Niliwaambia gari jeupe likisimamishwa hakuna anayesema limesimamishwa kwa weupe wake, dereva atalaumu taa au mwendo. Jekundu likisimamishwa, lawama inakwenda kwenye rangi kwa sababu ndiyo inayokumbukwa. Ili kujua ukweli ni lazima uyaangalie na yaliyopita, si yaliyosimamishwa peke yake. Nilisema kwa kirefu, na niliisikia sauti yangu ikipanda kama ya mtu anayebishana na nafsi yake.

Shangazi aliniacha nimalize. "Umesoma vizuri, mwanangu," akasema. "Ila umesimamishwa."


Jumanne, 19 Novemba

Mvua ya kwanza. Kumbikumbi wamejaa hadi ndani ya taa.


Alhamisi, 21 Novemba

Mvua kubwa njia nzima. Trafiki walikuwa chini ya turubai lao, tukapita. Daktari alifurahi, nyama changa imeanza kuota pembeni mwa kidonda. Nikamtambia shangazi kwamba tumepita na wekundu wetu. "Kwenye mvua kama hiyo," akasema, "hata zimamoto ingepita."


Alhamisi, 28 Novemba

Andika yote, Advera, usije ukajisahihisha baadaye.

Betri ilikufa jana. Paroko akatuazima pikapu ya parokia, nyeupe kama gauni la komunyo. Tukapakia ndoo, tukazifunika, baba akakaa mbele na mto wake. Nikajiambia, hili ni jaribio, japo la gari moja tu.

Tulipofika kwenye tuta Sixbert alitutazama jinsi mtu anavyotazama ukuta. Mkono wake ulikuwa umeshaelekea kwenye lori la mbolea ya tumbaku nyuma yetu. Tukapita. Nilikuwa nafurahi na kukasirika kwa pamoja, kwa sababu tumepita, na kwa sababu shangazi amepatia.

"Simama," baba akasema.

"Tumeshapita, baba."

"Ndiyo maana nasema simama. Utampitaje Sixbert kama watu tusiojuana?"

Sikusimama mara moja. Akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti: "Sajini! Sajini wee! Leo umesinzia?"

Sixbert alikuja mbiombio, anacheka. "Mzee! Umejificha kwenye gari la padri? Na mimi tangu asubuhi nimekodoa macho, jekundu halitokei."

"Kwa hiyo mnasimamisha magari mekundu?" nikamuuliza. Ilitoka kwa ukali kuliko nilivyotaka.

Akanishangaa kwelikweli. "Jekundu? Msomi, rangi inanihusu nini mimi? Padri naye angekuwa anapita na asali kila wiki, si ningesimamisha la padri?"

Akapewa chupa yake. Baba akampungia mkono mpaka tukapinda kona.

Nikamuuliza baba jambo hili lilianzaje. Akanieleza bila wasiwasi wowote. Kwetu asali haipiti mtu bila kumwonjesha. Babu alikuwa anatoka porini na mtungi umejaa, akifika nyumbani umebaki nusu, njia nzima imelamba. Baba naye anawapa akina mama wauza uyoga pale Sikonge, fundi wa matairi, wapakia mizigo. Sixbert hakuomba. Siku ya kwanza baba ndiye aliyesimama mwenyewe na kumwita, kwa sababu alimwona kijana wa watu amesimama juani.

"Baba, yule amevaa sare ya serikali. Ukimpa yeye haiwi kuonja tena. Inakuwa hongo."

"Hongo," akarudia, polepole. "Misafara ya pembe za ndovu ilipita njia hizi hizi. Ilitoa hongo kwa mtemi mchana kweupe, ikapita. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba na hiyo hongo yenyewe. Haikuwa kitu cha kunong'onezana."

"Mtemi alikuwa na nchi yake. Huyu analipwa mshahara."

Baba alihamisha mguu kwenye mto kwa mikono miwili.

Kwa hiyo shangazi amepatia, na mimi nimepatia, na wote tumekosea. Rangi haiwaiti. Rangi inawawezesha kutukumbuka. Magari meupe ni mengi mno, yanafichana. Sisi ni gari moja, na ndani yake kuna mtu mmoja aliyesimama siku moja bila kuulizwa.


Alhamisi, 5 Desemba

Asubuhi kabla ya kuwasha gari nilimwambia baba: leo hakuna chupa pale kizuizini. Akasema, "Wewe ndiye unayeshika usukani." Kadi ya gari ina jina langu. Aliliandikisha kwangu nilipohitimu, akidai yeye ni mtu wa porini na karatasi zinanifaa mimi. Lakini njia nzima hakuna anayesema gari la Advera.

Pa, pa.

"Mzee, leo nyuki wamenuna?"

Baba alitazama mbele. Mimi nikasema, "Afande, kama kuna kosa, andika."

Sixbert alinitazama kidogo, akaacha kucheka. Akaanza upya kila kitu, taa moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye tairi la nyuma. Lilikuwa kipara, siwezi kukataa. "Hili haliendi mjini," akasema. Hakuomba kitu. Hilo ndilo linalonikera mpaka sasa: hakutamka neno hata moja ambalo ningeweza kulishika na kusema, hili hapa. Nilipiga jeki mwenyewe, juani. Nati moja ilikuwa imekaza na nikaikanyagia kwa miguu yote miwili huku madereva wakinipigia honi na kunishangilia. Baba ndani ya gari, jasho linamtiririka, mguu umeanza kuvimba chini ya kitenge.

Tulipofika daktari alikuwa ameshaingia upasuaji. Sista Tekla, muuguzi wa chumba cha vidonda, alimsafisha na kumfunga. "Mimi nafunga tu," akaniambia pembeni. "Kuondoa nyama iliyokufa ni kazi yake."

Wakati wa kurudi baba alisema neno moja tu. "Ungempa."


Alhamisi, 12 Desemba

Tairi jipya. Sikupakia asali. Tumesimamishwa, buti limefunguliwa. "Na harufu hii?" akauliza Sixbert. Zulia la buti limekunywa asali ya miaka, nyuki mmoja alikuwa anatembea juu yake. Akainua zulia, akainua na kiti. Hospitali tukamkuta daktari anavua glavu, akavaa nyingine. Alibonyeza, baba akang'ata mkono wa shati lake. "Wiki jana mlikuwa wapi?" Nikasema, "Barabarani."


Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Baba amepeleka asali nyumba kwa nyumba kwa mkongojo, hataki kusaidiwa. Nilimfuata kwa mbali. Watoto wanatoka mbio kabla hajapiga hodi. Sijui mimi nitajulikana hivyo wapi, na kwa kitu gani.


Alhamisi, 26 Desemba

Sikukuu. Kliniki imefungwa.


Alhamisi, 2 Januari

Korongo limefurika, maji yamefika kwenye mlango wa gari la mbele yetu. Tumegeuza. Siwezi kumlaumu trafiki kwa mvua, ingawa nimejaribu. Usiku wiki hii baba anaoga maji ya baridi, anasema ni joto. Si joto.


Alhamisi, 9 Januari

Naandika kwenye benchi la wodi ya wanaume.

Tuliondoka mapema kuliko siku zote. Baba hakuzungumza na mtu yeyote Sikonge. Akina mama wa uyoga walimwita, akainua vidole tu kutoka kwenye goti. Bendeji ilikuwa inanuka. Nilifungua madirisha yote na kujifanya nataka hewa.

Kwenye kizuizi kulikuwa na foleni, magari ya wanafunzi wanaorudi shule, malori. Sixbert alikuwa na mwenzake mgeni. Yalipita meupe, likapita la bluu, yakapita mengine meupe. Nilijiambia, kwenye foleni hii hatatuona. Kumbe alikuwa ametuona tangu tulipotokea mlimani.

Pa, pa.

"Hili ndilo nililokwambia," akamwambia mwenzake, kwa utani, kama anamwonyesha kivutio cha wilaya. "Gari la asali. Siku hizi limefanya ubahili."

Wipa ya kulia ilikuwa inakwaruza. Mgeni akataka kuonyesha kwamba anajua kazi; akaandika, akafuta, akaomba kadi, akaipeleka kwa Sixbert, aliyekuwa sasa anaongea na dereva wa lori. Nilisimama kwenye manyunyu. Nilikuwa na sentensi kooni, fupi, ya maneno ya kawaida kabisa, nikaona nikiisema nitakuwa nimeomba. Baba alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, amefumba macho. Meno yake yalikuwa yanagongana. Nilisikia kutoka nje ya gari.

Waliponirudishia kadi, nikaitia kwenye mkoba. Nikaendesha vibaya mjini kote.

Daktari alikuwa hayupo. Sista Tekla alifungua bendeji, akaifunika tena haraka, akaenda mwenyewe kumgongea mlango wa upasuaji. Daktari akatoka na kofia yake kichwani, akainama, akanusa. "Mmechelewa sana," akasema. Wamemlaza. Kesho atafungua mpaka kwenye mfupa, na atakapofika ndipo atakapojua kama anasafisha au anakata.

Baba ametia sahihi ya kidole, ingawa anajua kuandika.


Ijumaa, 10 Januari

Amesafisha. Mguu upo.


Jumapili, 12 Januari

Homa imeshuka. Ameomba uji, akalalamika hauna asali. Shangazi Theodora amelia dukani mpaka wateja wakafikiri kuna msiba.

Daktari ameniita. Kipande cha mfupa kimetolewa. Akitoka hapa itakuwa miezi ya kuja kila Alhamisi, bila kukosa hata moja. "Nafasi nyingine kama hii sina," amesema.


Jumamosi, 18 Januari

Sixbert alikuja wodini. Sikumtambua bila sare. Alikuwa na shati la maua na machungwa kwenye mfuko, mwembamba kuliko anavyoonekana barabarani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu! Umeiacha barabara na nani?"

"Ipo, mzee. Haitembei." Alikaa ukingoni mwa kitanda cha jirani, akautazama mguu, akaangalia pembeni. Baba alimtania kwamba sasa ana mguu mmoja wa binadamu na mmoja wa hospitali. Sixbert alijaribu kucheka. Nikamsindikiza mpaka mlangoni, kwa sababu baba alinikazia macho.

"Kwa nini hukusema?" akaniuliza kwenye ngazi.

"Kusema nini? Mguu uliuona."

"Niliona bendeji. Kila nikimuuliza ananiambia ni mzima. Nikajua mnakwenda dukani. Wewe hukuwahi kunambia kuna daktari anayeondoka."

"Ungetuachia?"

"Ningewasindikiza na pikipiki!" Watu kwenye ngazi wakageuka. Akapunguza sauti. "Binti Kasimiri, wewe uliniambia neno moja tu. Andika. Basi nikaandika."

Nilitaka kumwambia kwamba chupa zote zile zilikuwa makosa, yake na ya baba, na kwamba raia hapaswi kumweleza askari habari za kidonda ili apite kwenye barabara ya umma. Yote ni kweli. Nilimwangalia shati lake la maua na sikuweza kusema hata moja.

"Sasa najua," akasema. "Mtapita. Nimewaambia na wenzangu: jekundu la mzee lisiguswe."

Nikamshukuru. Alishuka ngazi mbili mbili.


Jumatatu, 20 Januari

Silali vizuri. Lisiguswe. Nageuza neno hilo kila upande. Wiki zote hizi tumesimamishwa kwa sababu tunajulikana, na sasa tutapita kwa sababu tunajulikana. Sixbert akihamishiwa Nzega mwezi ujao, atakuja mwingine ambaye ameambiwa nusu ya habari, ile ya asali. Na hata akikaa, kila Alhamisi nitapunguza mwendo kwenye tuta nikimtafuta kwa macho, niinamishe kichwa, nishukuru. Baba atapenda. Yeye kupita ni kusalimiana. Mimi nataka mguu wake ufike hospitali bila mtu yeyote kuupenda wala kuuchukia.

Nimeshindwa kujua kama huko ni kufikiri au ni kiburi. Nimeshindwa pia kujua kama jibu lingebadilisha chochote.


Alhamisi, 23 Januari

Baba ametembea mpaka dirishani. Aliuliza gari liko wapi, halioni kwenye maegesho. Nikasema lipo kwa fundi. Akasema, "Wipa?" Nikasema ndiyo, na wipa.


Jumatano, 29 Januari

Nilianza na karatasi. Nilikwenda mamlaka ya mapato kuomba kubadilisha rangi kwenye kadi, nikangoja mpaka ikatoka, maana gari jeupe lenye kadi ya jekundu Sixbert mwenyewe asingeliacha. Kisha gari nikampelekea Amon, mpiga rangi wa Itetemia. Alizunguka gari akisikitika. "Dada, nyekundu hii ni ya kiwandani. Hutaipata tena." Nikamwambia akwangue. Nimeng'oa na zulia la buti, nimelichoma. Kuanzia sasa asali itakwenda Mtendeni kwa basi. Shangazi ameshakubali, tena amejisifu kwa majirani kwamba nimemsikiliza hatimaye. Sikumsahihisha.

Leo nimelichukua, nikaliendesha peke yangu mpaka Sikonge na kurudi. Kwenye kizuizi Sixbert alikuwa anakunywa chai. Aliniona, yaani aliona gari, akaendelea kupuliza kikombe chake. Nilipita kwa mwendo wa kawaida. Mgongo wote ulikuwa umeloa jasho.

Pale Sikonge akina mama wa uyoga walikuwa wamepanga masinia yao kando ya barabara. Niliwafahamu mmoja mmoja. Hakuna aliyeinua mkono. Mmoja alilitazama gari langu likija, likapita, akarudi kuchambua uyoga wake.

Nimeliegesha chini ya dirisha la wodi, katikati ya mengine meupe. Baba anaruhusiwa kesho asubuhi. Jioni hii alisimama pale dirishani akiegemea mkongojo, akatazama chini muda mrefu, akaniuliza kama fundi amemaliza.

Nikamwambia amemaliza.